NAKALA ISIYOKATIZWA: Istilahi za Kunakili Makabrasha Makubwa

Utangulizi

Ofisi moja inayohudumia vijiji vya Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, ilikuwa na desturi njema. Kila baada ya miezi mitatu karani wake aliunganisha diski ya nje na kompyuta, akanakili kabrasha kuu lenye kumbukumbu zote za ofisi. Ndani ya kabrasha hilo mlikuwa na makabrasha madogo, moja kwa kila kata, yamepangwa kwa alfabeti. Ijumaa moja alasiri karani aliianzisha kazi hiyo kama kawaida, akaenda zake nyumbani, maana ilikuwa kazi ya saa nyingi.

Jumatatu asubuhi aliikuta imesimama katika kabrasha la kata ya Buswahili. Katikati ya kioo cha kompyuta palikuwa na dirisha dogo lenye maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili yangesomeka hivi: "Njia ya kufikia mahali pa kupeleka ni ndefu mno." Chini yake palikuwa na kitufe cha kuruka na kitufe cha kughairi. Karani alidhani njia iliyotajwa ni waya uliounganisha diski na kompyuta. Tena aliogopa kwamba akibonyeza kitufe cha kuruka, faili lile litapotea. Basi akaghairi, akaichomoa diski, akaifungia kabatini. Alipoifungua baadaye kuitazama, aliyaona makabrasha ndani yake, akaridhika.

Mwaka uliofuata kompyuta ile iliharibika. Diski ilipotolewa kabatini, ilionekana kwamba nakala inakoma Buswahili. Butiama, Kukirango, Kyanyari, Muriaza, Nyankanga, Sirorisimba na kata nyingine zote zilizofuata kwa alfabeti hazikuwamo kabisa. Mwandishi wa makala haya alipomwuliza karani kwa nini hakumweleza mtu yeyote siku ile, alijibu kwa unyenyekevu: "Nilidhani nimefanya kosa."

Jibu hilo ndilo lililozaa makala haya. Mashine haikumdanganya karani; yeye naye hakuwa mzembe. Kilichokosekana kati yao ni maneno. Kwa hiyo tunakusudia kueleza jinsi ya kunakili kabrasha kubwa bila kazi kukatizwa na hitilafu moja moja, na wakati huohuo kupendekeza maneno ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa umma wanaweza kuyatumia kulieleza jambo hilo. Mapendekezo haya ni ya mwandishi, si uamuzi wa Baraza.

Faili na kabrasha

Tuanze na neno tunalodhani tunalijua. Katika masjala yoyote ya serikali, faili ni jalada lenye nyaraka nyingi. Lina jina, lina namba ya kumbukumbu, na ndani yake barua zimepangwa na kupewa namba. Mtumishi akiambiwa kuwa faili limepotea, anaelewa kuwa mambo yote ya mtu au ya shauri fulani yamepotea.

Katika kompyuta mambo yamepinduka. Faili ni waraka mmoja tu: barua moja, picha moja, orodha moja. Kitu kinachobeba mafaili mengi ndicho ambacho wengi ofisini hukiita folda, na ambacho katika tafsiri huitwa kabrasha. Neno hili la pili linafaa, kwa sababu mtumishi tayari analijua kwa maana ya karibu: makabrasha ya mkutano ni mafungu ya karatasi anayogawiwa mjumbe, na kila fungu lina nyaraka kadhaa.

Tofauti hii si ndogo. Kompyuta inapouliza kama iruke faili moja, yule aliyelelewa na masjala husikia kwamba jalada zima litaachwa. Hofu ya karani wetu ilikuwa na sababu katika lugha ya kazi yake. Yafaa basi mafunzo yoyote ya kompyuta kwa watumishi yaanze kwa kusema waziwazi: jalada la masjala ndilo kabrasha la kompyuta, na karatasi iliyomo ndani ya jalada ndiyo faili.

Kunakili na kuhamisha

Neno nakili limetoka katika Kiarabu, na huko hubeba maana mbili: kuchukua kitu kutoka mahali hadi mahali, na kutoa nakala. Kiswahili kimechukua maana ya pili, na ya kwanza tumeiachia hamisha. Mgawanyo huo ni wa manufaa na hapana budi tuulinde. Anayenakili huacha asili mahali pake, anayehamisha huiondoa. Kuhamisha kukikatizwa katikati, sehemu moja ya kumbukumbu hubaki huku na sehemu nyingine huwa kule. Kunakili kukikatizwa, asili haijaguswa na kazi yaweza kuanzwa upya. Kwa sababu hiyo kazi ya kuweka akiba daima ni ya kunakili.

Rudufu au chelezo?

Nakala inayowekwa kando kwa ajili ya siku ya dhara imepewa majina zaidi ya moja. Baadhi ya programu zilizotafsiriwa huiita chelezo. Nyingine huiita nakala rudufu.

Chelezo ni neno zuri lenye ukoo unaoonekana. Elea huzaa eleza, yaani kufanya kitu kielee, na eleza huzaa chelezo. Picha yake inavutia: mali isizame, ibaki ikielea. Lakini katika mikoa ya ziwa neno hilo tayari lina kazi. Chelezo ni boya, na pia ni mahali pa kuundia na kutengenezea meli. Mwaka 2018 ilipotiwa saini mikataba ya kazi za Ziwa Victoria jijini Mwanza, ujenzi wa chelezo ulitajwa sambamba na ukarabati wa MV Victoria na MV Butiama. Mtu wa Musoma akiambiwa "peleka kumbukumbu kwenye chelezo", si ajabu akatazama upande wa ziwani.

Rudufu, kwa upande mwingine, ni neno la ofisini. Wale waliotumikia enzi za karatasi ya stensili wanaikumbuka mashine ya kurudufu, pamoja na wino wake uliochafua vidole. Siku hizi neno hilo limeingia hata katika simu za mkononi. Kwa kuwa linajulikana na wazee wa ofisi na vijana wa simu vilevile, hakuna sababu ya kubuni jingine. Tunapendekeza nakala rudufu, na chombo kinachoibeba kiitwe diski ya akiba. Akiba hutaja kusudi: kitu hicho hakitumiwi kila siku, kinangojea haja.

Kosa au hitilafu?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Wafasiri wengi huandika "kosa" kila mashine inaposhindwa kutenda. Katika Kiswahili kosa lina mwenyewe. Mtu hukosa, huomba radhi, hutozwa faini. Dirisha linaloandika "Kosa" mbele ya mtumishi wa chini humwambia kwamba yeye ndiye aliyekosa, na mtu aliyekosa mara nyingi hunyamaza. Hitilafu haina mwenyewe. Umeme huwa na hitilafu, mitambo huwa na hitilafu, nayo hutolewa taarifa bila aibu. Tunapendekeza kwa nguvu kwamba hali zote za mashine kushindwa ziitwe hitilafu, na kosa libaki kwa kitendo cha mtu. Laiti dirisha lile la Jumatatu lingesema "hitilafu", huenda karani angemwita mwenzake.

Hitilafu zinazokatiza kazi

Kabrasha kubwa laweza kuwa na mafaili makumi ya maelfu, na faili moja tu linatosha kuizuia kazi. Sababu za kawaida ni hizi:

(i) Jina refu. Programu ya kawaida ya kunakili katika Windows huhesabu herufi za njia nzima, yaani herufi ya diski, majina ya makabrasha yote na jina la faili, na kwa desturi kikomo ni herufi 260. Watumishi wengi hulipa faili jina kwa kuandika kichwa chote cha barua kinachofuata "Yah:". Jina hilo laweza kuwa halali mahali lilipo, lakini likipelekwa ndani ya kabrasha jipya liitwalo "Nakala rudufu ya robo ya tatu ya mwaka", kikomo huvukwa. Hiyo ndiyo hitilafu iliyotokea katika kabrasha la Buswahili.

(ii) Alama zisizoruhusiwa. Windows hairuhusu katika jina la faili alama kama mkwaju, nukta mbili, nyota na alama ya kuuliza. Namba za kumbukumbu za serikali zimejaa mkwaju. Yafaa mkwaju ubadilishwe kuwa kistari tangu faili linapopewa jina.

(iii) Faili linalotumika. Orodha iliyofunguliwa na mfanyakazi mwingine yaweza kukataa kunakiliwa mpaka ifungwe.

(iv) Ruhusa. Faili limefungwa kwa jina la mtumishi mwingine, pengine aliyehama zamani.

(v) Ukubwa. Diski ndogo za flashi aghalabu hupangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili lolote linalofikia gigabaiti 4. Ndiyo maana diski yenye nafasi ya gigabaiti 20 huweza kulikataa faili la video lenye gigabaiti 5. Dawa ni kuipanga upya kwa mfumo wa NTFS au exFAT. Lakini kuipanga upya hufuta kila kilichomo, kwa hiyo kifanyike diski ikiwa tupu.

(vi) Diski mbovu. Sehemu ya diski ya asili imeharibika na haisomeki. Hii ndiyo hitilafu ya hatari kuliko zote, kwa maana kila jaribio la kuisoma tena huweza kuidhoofisha zaidi diski iliyokwisha kuchoka. Kanuni ni kuokoa kwanza vyote vinavyosomeka, kisha kurudi kwa vile vigumu.

(vii) Kukatika umeme, waya kulegea, au kompyuta kujizima yenyewe kwa kuwa haikuguswa kwa muda.

Jinsi ya kunakili bila kukatizwa

Kutokatizwa si kupuuza hitilafu. Maana yake ni kuahirisha: mashine inapokuta faili linalokataa, iliache, iliandike jina lake, iendelee na mengine, mwisho binadamu aisome orodha na kuyashughulikia yaliyobaki. Mwalimu anayesahihisha madaftari 60 hafungi kazi kwa sababu daftari la saba halisomeki. Huliweka kando, humaliza, kisha humwita mwanafunzi.

Dirisha la kawaida la kunakili halikuundwa kwa kazi hiyo, maana husimama na kuuliza. Windows ina programu nyingine iitwayo Robocopy, ambayo imekuwamo ndani yake tangu toleo la Vista la mwaka 2007. Haina vitufe, huandikiwa amri. Kwa mfano:

robocopy D:\Masjala E:\Akiba /E /R:2 /W:5 /LOG:D:\batli.txt

Amri hii husema: nakili kabrasha la Masjala kutoka diski D, ulipeleke katika kabrasha la Akiba kwenye diski E, chukua na makabrasha yote ya ndani, hata yaliyo matupu, faili likikataa, jaribu tena mara 2, kila mara ukingoja sekunde 5, kisha endelea, na yote uliyoyafanya yaandike katika faili liitwalo batli.

Tarakimu hizo mbili zisiachwe. Mtumiaji asipozitaja, Robocopy hujaribu tena mara 1,000,000, na kila mara hungoja sekunde 30. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba faili moja tu laweza kuizuia kazi kwa siku zipatazo 347. Kadhalika programu hii huzimudu njia zenye herufi zaidi ya 260, na amri ileile ikirudiwa baada ya umeme kukatika, hainakili tena mafaili yaliyokwisha kufika bila kubadilika. Tahadhari moja: ipo amri ya /MIR inayoifanya diski ya akiba ilingane kabisa na asili, na ili kulinganisha hufuta katika akiba kila kisichokuwamo katika asili. Asiyeizoea asiitumie.

Wanaotumia Linux wana rsync, programu iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Nayo hunakili yaliyo mapya au yaliyobadilika tu, na ikishindwa kulisoma faili moja hulitaja na kuendelea na mengine.

Kabla ya kuanza, yafaa mafaili yote yafungwe, kompyuta izuiwe isijizime, na nafasi ya diski ya akiba ilinganishwe na ukubwa wa kabrasha.

Batli, na maana mbili za kuruka

Orodha ya matendo ya mashine tumeiita batli. Neno hili ni la manahodha: ni daftari la safari ya chombo, ambamo huandikwa mwendo, upepo na masaibu ya njiani. Wafasiri wengine wameliita "kumbukumbu", lakini neno hilo limekwisha kuelemewa. Kumbukumbu ni ukumbusho, ni mihutasari, ni namba ya barua, ni masjala yenyewe. Batli haina mzigo huo.

Anayeisoma batli ya Robocopy atakuta mwishoni jedwali fupi, na hapo mfasiri ana mtego. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili. Katika dirisha la kawaida, faili "lililorukwa" ni lile lililoshindikana na kuachwa. Katika jedwali la Robocopy, neno hilohilo ni la mafaili yasiyonakiliwa kwa sababu tayari yamo katika diski ya akiba bila mabadiliko. Yaliyokataa huhesabiwa katika safu nyingine. Mfasiri akiandika "yaliyorukwa" mahali pote pawili, mtumishi ataogopa pasipo na hofu, au atatulia penye hasara. Tunapendekeza maneno matatu: yaliyorukwa kwa yale ambayo mtumiaji mwenyewe ameamuru yaachwe, yaliyokwishakuwamo kwa yale yasiyohitaji kunakiliwa, na yaliyoshindikana kwa yale ambayo mashine haikuweza kuyanakili. Safu ya yaliyoshindikana ikiwa 0, kazi imetimia. Ikiwa na tarakimu nyingine yoyote, mtumishi arudi ndani ya batli, ayatafute majina hayo moja moja, afupishe yaliyo marefu, afunge yaliyo wazi, kisha aitoe amri upya.

Kuhakiki

Kuyaona makabrasha ndani ya diski si ushahidi. Karani wetu aliyaona, akaridhika. Uhakiki wa chini kabisa ni kulinganisha idadi ya mafaili na ukubwa wa jumla wa kabrasha la asili na la akiba. Zaidi ya hapo, achague mafaili machache, hasa ya mwisho wa alfabeti, ayafungue kutoka diski ya akiba yenyewe. Na diski hiyo isilale chumba kimoja na kompyuta. Wataalamu huitaja kanuni ya 3-2-1: nakala 3 pamoja na asili, katika aina 2 za vyombo, na 1 iwe mahali pengine. Nakala ya Musoma ikihifadhiwa Bunda, moto mmoja hautateketeza zote.

Jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 kuhusu kumbukumbu na nyaraka za taifa haiishii kwenye karatasi. Kumbukumbu iliyo ndani ya diski ni kumbukumbu vilevile.

Istilahi zinazopendekezwa

1. Faili: waraka mmoja uliohifadhiwa katika kompyuta.
2. Kabrasha: kibebeo cha mafaili; hulingana na jalada la masjala.
3. Kunakili: kutoa nakala na kuacha asili mahali pake.
4. Kuhamisha: kuondoa kitu mahali na kukiweka pengine.
5. Nakala rudufu: nakala iliyowekwa kwa ajili ya kurejesha asili ikipotea.
6. Diski ya akiba: diski inayobeba nakala rudufu.
7. Hitilafu: hali ya mashine kushindwa kutenda, si kosa la mtu.
8. Njia: mfuatano wa majina kutoka diski hadi faili.
9. Kuruka: kuliacha faili moja na kuendelea na mengine.
10. Kughairi: kuiacha kazi yote iliyobaki.
11. Batli: orodha ya matendo na hitilafu za kazi nzima.
12. Kuhakiki: kulinganisha nakala na asili.

Hitimisho

Mara nyingi mijadala ya istilahi huishia katika jina la mashine: iwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Mashine yenyewe hutambulika kwa jina lolote, maana iko mezani na kila mtu anaiona. Maneno yenye hatari ni yale madogo yaliyoandikwa katika vitufe, ambayo mtumishi huyasoma akiwa peke yake, pengine ana haraka, pengine ana hofu. Tofauti ya kuruka na kughairi katika ofisi ile ilikuwa tofauti ya kukosa barua moja na kukosa kata zaidi ya kumi.

Baadhi ya kumbukumbu hizo zilichapwa upya kutoka karatasi za masjala. Zile ambazo hazikuwahi kuwa na karatasi hazikurudi. Wasomaji walio na maneno bora kuliko haya, hasa walimu na watumishi wa mikoani ambao kila siku husikia watu wanavyosema, wanaombwa wayalete ili yajadiliwe.